Kitone Kwenye Bega la Rais

Vilikuwa vioo thelathini na moja. Nilivihesabu mara mbili palepale stoo, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kidole, kwa sababu macho ya mtu anayetaka kitu huwa yanaongeza. Vilisimama wima ndani ya sanduku la mbao, kila kimoja kwenye mfereji wake, upana pungufu kidogo ya shubiri na urefu shubiri na kidole. Kipimo cha picha ya Rais hasa. Nikajisemea kwamba aliyevikata alijua miaka mingi kabla yetu kuwa nchi itapata uhuru na kila ofisi itataka picha ukutani.

Wakati huo nilikuwa fundi wa fremu Kilwa Kivinje. Fundi ni neno la heshima tu. Nilikuwa mtu wa kununua hiki na kuuza kile, na katikati napiga misumari minne. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Azimio, vijiji vya ujamaa vinapangwa mistari, na kila kijiji kikishamaliza ofisi, jambo la kwanza kinataka picha ya Rais yenye fremu na kioo, itundikwe kabla ya Saba Saba. Picha zilitoka wilayani bure. Mbao nilikuwa nazo. Kioo ndicho kilichoadimika, kuanzia Kilwa hadi Lindi, hata kwenye maduka yaliyozoea kujigamba kwamba yana kila kitu.

Ndipo nikapanda lori la mihogo kwenda misheni moja ya huko vilimani, na fremu tano kwapani, nikifikiri kwamba Wakatoliki nao wana kuta. Fremu hawakununua. Lakini mtunza stoo alikuwa anatoa vitu vya zamani ili apishe magunia ya mbolea, na sanduku lile lilikuwa njiani.

"Vioo vya nini hivi?" nikamuuliza.

"Vya Bruda, mtawa wetu. Zamani alikuwa akipigia picha. Sasa macho yamemwishia, wamempeleka hospitali mjini. Hatavitaka tena."

"Mbona vichafu?"

"Futa, vitang'aa."

Nilitia mate nikafuta. Havikung'aa. Nilikiinua kimoja kwenye mlango penye mwanga: kina utando wa moshi mwepesi, na juu ya utando vitone vyeusi, vingi, vingine kama ncha ya sindano, vingine kama mbegu ya mchicha. Nikamwambia nzi wametua humu mwaka mzima, na mimi sinunui mavi ya nzi. Akapunguza bei. Nimepata kupunguziwa vitu vingi maishani mwangu, lakini hilo ndilo punguzo ninaloliona aibu mpaka leo.

Kimoja kilipasuka njiani, lori liliporuka kwenye daraja la magogo. Vikabaki thelathini. Nyumbani mke wangu ndiye aliyegundua kuwa maji ya moto na magadi yanauvua ule utando mzima mzima kama ngozi ya maziwa, kioo kinabaki cheupe hujui kama kipo. Akavisafisha kumi na saba kwa kumbi la nazi, na maji ya kijivu akayamwaga chini ya mpapai. Kisha magadi yakaisha, yetu na ya mtaa mzima, na vijiji tisa vinasubiri. Nikafanya walichokuwa wakifanya watu wa korosho: nikatenga. Kumi na saba, daraja la kwanza. Tisa nikavitia kwenye fremu na vitone vyake, daraja la pili. Vinne vikabaki uvunguni mwa kitanda.

Mwenyekiti wa kijiji cha Kikole alikuwa mtu mrefu, mkulima wa mikorosho, mwenye jicho linalojua uzito wa gunia kabla halijafika kwenye mizani. Nilipompelekea picha yake aliisogeza mlangoni, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Ndugu fundi, Rais aliugua ndui lini?"

"Si ndui, Ndugu Mwenyekiti. Ni kioo. Daraja la pili."

"Ahaa. Na sisi ni wananchi wa daraja la pili?"

"Ninyi ni daraja la kwanza, ndiyo maana nimeanza na ninyi kabla ya Nyangamara."

"Na Nyangamara watapata kioo cha daraja gani?"

"La pili."

Akafikiri kidogo. "Basi tuko sawa nao. Huo ndio ujamaa." Akaitundika.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, alikuja Sista. Alikuwa mwanamke kijana, Mmwera wa upande wa Lindi, mwalimu wa sayansi kule misheni, viatu vyekundu kwa vumbi la vilimani. Alibisha hodi, tukamkaribisha, akasalimu vizuri. Hakuangalia fremu hata moja. Aliangalia sanduku la mifereji, ambalo nilikuwa nimelitia misumari na patasi.

"Sanduku hili umelipata wapi, kaka?"

"Nimelinunua."

"Sikuuliza kama umeliiba. Nimeuliza umelipata wapi."

Nikamwambia.

"Na vioo vyake?"

"Vimeuzwa."

"Vimeuzwa na picha zake, au uliviosha?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama sufuria aliyooshea. Sista akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa, mikono imelala mapajani kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Zile zilikuwa nyota," akasema.

"Nyota ni nyeupe, Sista. Zile zilikuwa nyeusi."

"Kwenye kioo cha kupigia picha mwanga huacha weusi. Panapong'aa zaidi angani ndipo penye kitone kikubwa zaidi kiooni."

Kisha akatueleza, na mimi nitaeleza kama alivyoeleza, kwa sababu alipanga maneno yake vizuri kuliko nitakavyoyapanga mimi.

Yule Bruda alikuja vilimani akiwa kijana, fundi wa paa na mashine ya kusaga. Mwalimu wake wa kwao alikuwa amempa kazi moja ya pembeni: kila mwaka, masika yakiisha na mwezi ukiwa gizani, aelekeze kamera yake ya darubini kwenye kipande kilekile cha mbingu, apige picha moja kwenye kioo, apeleke nakala yake. Wakati wa vita alizuiwa. Miaka mingine yote alipiga. Sasa, pembeni mwa kipande kile palikuwa na kitone kimoja ambacho hakikutulia. Mwaka huu ni kikubwa, baada ya miaka miwili ni kidogo, kisha kinakua tena. Mwalimu wake akamwandikia barua: nyota ya namna hiyo haibadiliki hivyo, huo ni mkono mchafu, ama ni vidole, ama dawa ya kusafishia picha, ama uvivu. Akamwambia asipeleke tena.

"Akaacha?" mke wangu akauliza.

"Aliacha kupeleka. Kupiga hakuacha. Ana daftari. Kila mwaka aliandika ukubwa wa kitone kile, na kila mwaka kilipobadilika aliweka alama ya kosa, mistari miwili inayokatana, kama ninavyomkosoa mwanafunzi. Kosa lake mwenyewe. Daftari zima limejaa."

Halafu, mwaka uleule wa fremu zangu, barua nyingine ilikuja kutoka ng'ambo. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba vitone vya namna ile si nyota, ingawa vinaonekana kama nyota. Walivipa jina, kwasari, ambalo mimi nililisikia kama jina la dawa ya minyoo. Walitaka kujua kama mwanga wake unapanda na kushuka katika miaka mingi, na hilo huwezi kulijua kwa kuangalia leo. Unahitaji mtu aliyeangalia zamani. Waliwaomba wote wenye vioo vya zamani waangalie. Kitone walichokitaja ni kilekile.

"Bruda amerudi Jumamosi," Sista akasema. "Anaona mwanga na kivuli, basi. Nilimsomea barua. Akaomba nimpeleke stoo. Akaipapasa rafu kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, halafu akakaa chini sakafuni. Baada ya wiki tatu wanamrudisha kwao kwa meli. Anataka kujua jambo moja tu kabla hajaondoka: ulikuwa mkono wake, au ilikuwa mbingu?"

Kwa kuwa mimi nisipokuwa na la kusema huuliza kipimo, nikauliza kipimo.

"Kiko mbali kiasi gani hicho kitu? Kama hapa na Makka?"

"Mwanga huizunguka dunia yote zaidi ya mara saba kabla hujamaliza bismillahi."

"Haya."

"Mwanga huohuo, kutoka kule mpaka kwenye kioo cha Bruda, umesafiri zaidi ya miaka milioni elfu moja."

"Sista, punguza."

"Haipungui."

"Hata kidogo?"

"Wengine wanasema ni mara mbili ya hapo."

Katika maisha yangu yote ya kuuza na kununua, ilikuwa mara ya kwanza kuomba kupunguziwa nikaongezewa.

"Tena si kikubwa," akaendelea. Alikuwa ameanza kusahau huzuni yake, kama walimu wanavyofanya wakipata somo. "Kule kijijini kwenu wakigonga ringi la gari kuwaita watu shambani, nyumba ya jirani inasikia sasa hivi, nyumba ya mwisho inasikia baadaye. Kijiji kikubwa hakiwezi kuamka chote kwa mara moja. Na kitu kikubwa hakiwezi kung'aa chote kwa mara moja. Sasa hiki kinapanda na kushuka katika miaka michache. Maana yake ni kidogo, kidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya jua letu na nyota ya jirani. Na humo ndani kinatoa mwanga kuliko mkusanyiko mzima wa nyota unaouona ukitanda juu ya Kilwa kama vumbi."

Mke wangu alikuwa ameshika tama. "Na mimi nikakimwaga chini ya mpapai," akasema.

Akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kulia. Alikwenda kwenye kabati lake la vyombo, lile lenye milango miwili ya vioo, ambalo alilipata kwa kunigomea mwaka mzima. Akaanza kutoa vikombe, kimoja kimoja, akiviweka juu ya mkeka.

"Ng'oa," akaniambia.

"Ning'oe nini?"

"Vioo vya milango. Ukivikata vizuri vinatoka tisa. Utawapa nini huko vijijini wakurudishie nyota za watu, maneno yako?"

Nilikata. Vilitoka tisa. Nilivihesabu mara mbili nikitumaini cha kumi.

Safari ile ilinichukua siku kumi na mbili. Sista alikuwa amenichorea kwenye karatasi: kitone chetu na majirani zake wawili, vimekaa kama mafiga matatu, upande wa chini wa kioo, ambapo juu ya picha ni begani, karibu na kola. Kikole nilimkuta mwenyekiti palepale mezani.

"Unataka kumvua Rais kioo?" akauliza.

"Nataka kumvalisha kingine. Daraja la kwanza."

"Na hiki kibovu utakipeleka wapi?"

"Nitaondoka nacho."

"Ndugu fundi, mfanyabiashara akija kuleta kizuri achukue kibaya, ama yeye ni mgonjwa ama kile kibaya si kibaya. Kaa. Sema kweli."

Nikasema kweli. Sikuzoea, ikanichukua muda. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanda kwenye kiti, akaitungua picha. Usoni pote palikuwa peupe, hapana kitone hata kimoja.

"Nilivikwangua kwa wembe," akasema. "Siwezi kumkalisha mgeni wa wilaya chini ya Rais mwenye madoa. Begani sikugusa. Niliona ni kama urembo wa kitambaa."

Nikaweka karatasi ya Sista kando ya bega. Mafiga yote matatu yalikuwepo.

"Ni kipi?"

"Hiki."

"Hiki?" Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Hiki ndicho kilichosafiri huko kote?"

"Hicho."

Alikaa hivyo kwa muda. Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu jembe la nani limevunjika, na yeye kwa kawaida angetoka kuwaamua. Hakutoka.

"Mwezi mzima kimekaa ofisini kwangu," akasema taratibu. "Nimesaini barua chini yake. Nimemkaripia mtu chini yake." Akakipangusa kioo kwa upindo wa shati lake, kisha akaona shati lenyewe si safi, akaenda kunawa mikono ndipo akanikabidhi.

Kinjumbi sikubahatika. Upepo ulikuwa umebamiza mlango wa ofisi, kioo kikaanguka, na katibu, mtu mwangalifu, alikuwa ametupa vipande kwenye shimo la choo ili visikate watoto. Nikasimama mlangoni mwa choo, nikafikiri mambo mengi, nikaondoka. Picha yao nikaiwekea kioo cha kabati. Nyangamara kioo kilikuwepo kizima, na huko pia walikuwa wamekwangua uso. Lakini kile mimi mwenyewe nilikitia kwenye fremu kwa haraka, chini juu, kwa hiyo kitone cha begani kilikuwa kimekaa kwenye kipaji cha uso. Wembe ulipita hapohapo. Kosa hilo sikuwa na mtu wa kugawana naye.

Nilirudi na saba vyenye mafiga yao. Pamoja na vinne vya uvunguni, kumi na moja. Mimi na mke wangu tukavifunga kwa kanga zake, tukapanda lori kwenda vilimani, yeye amevipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Bruda alikuwa amekaa barazani, mzee mwembamba mwenye viganja vya seremala, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenunua?"

"Ndiye mimi."

"Walikupunguzia?"

"Kidogo."

"Kwa sababu gani?"

"Nilisema nzi wamechafua."

Alicheka mpaka akakohoa, na Sista akamshika bega. Alipotulia akasema, "Mwalimu wangu naye alisema hivyo." Hapo hakucheka.

Nilimuuliza nilichokuwa nimekifikiria tangu Kivinje. "Bruda, kama uliamini ni mkono wako, kwa nini uliendelea miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa najaribu kuusafisha," akasema.

Alinifundisha kazi kwa maneno, kwa kuwa macho hayakumsaidia. Chagua jirani mkubwa na jirani mdogo. Kati yao gawa hatua kumi. Mdogo ni moja, mkubwa ni kumi. Sasa sema chetu kiko hatua ya ngapi: kimempita yule kwa kiasi gani, kimepungukiwa na huyu kwa kiasi gani. Nikamwambia kazi hiyo naijua, ndiyo iliyonilisha maisha yote. Bei yoyote hukaa kati ya anayotaka muuzaji na anayotaka mnunuzi, na mtu mwenye jicho huiona imekaa wapi. Sista akalificha daftari ndani ya mfuko wake ili nisilione. Mke wangu akabandika karatasi juu ya pembe ambapo Bruda alikuwa amechora mwaka kwa sindano, akavichanganya vioo kama karata, akakaa na penseli.

Darasa lilikuwa tupu, likizo. Tulisimamisha kioo dirishani na nyuma yake anga la mchana. Sista alinipa lenzi ya maabara. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua la vilimani limesimama utosini, na mimi nikawa natazama usiku. Usiku mzima, uliogeuzwa, mbingu nyeupe na nyota nyeusi, usiku wa mwaka ambao pengine sikuwa nimezaliwa. Vile nilivyoviita mavi ya nzi vilikuwa na mpangilio. Kwenye kioo cha pili vilikuwepo palepale, na cha tatu palepale, waaminifu, hakuna aliyesogea wala kunenepa. Na pembeni, kati ya mafiga, kimoja tu kilichokuwa kinakua na kupungua.

Sijui kuwaeleza watu hisia ile. Niliwahi kuona bahari imejaa na niliwahi kuona mtu anakata roho, na vyote viwili havikunifanya nipunguze sauti yangu jinsi nilivyoipunguza mbele ya kitone kidogo kuliko chembe ya chumvi. Mwanga ule ulitoka kule kabla hapajakuwa na mtu, kabla hapajakuwa na samaki. Ulisafiri wakati wote huo, haukugonga kitu, ukaja kutua kwenye kioo cha fundi wa paa, na fundi akaweka alama ya kosa. Miaka yake thelathini na moja ya kazi ilikuwa mirefu kwake. Kwa kile kitu ilikuwa kama kuona kifua cha mtu aliyelala kikipanda mara moja na kushuka mara moja. Ingehitaji mwingine baada yake, na mwingine, ili kuona pumzi ya pili.

Nilipima vyote kumi na moja. Siku iliyofuata mke wangu akavichanganya upya, nikavipima tena. Alasiri tukaketi barazani, Bruda mikono magotini. Sista akatoa daftari akaanza kusoma kwa mpangilio wa miaka, na mke wangu akajibu kutoka kwenye karatasi yangu.

"Nane," Sista akasema.

"Nane."

"Nane."

"Nane."

"Tano. Hapa ana alama ya kosa."

"Tano," mke wangu akasema.

"Tatu. Alama ya kosa."

"Tatu."

"Mbili. Alama ya kosa."

"Tatu," akasema mke wangu, akanitazama vibaya, lakini Sista akatikisa kichwa kwamba hatua moja si kitu. Wakaendelea mpaka mwisho. Tisa zililingana sawasawa, mbili zilitofautiana kwa hatua moja.

Bruda akasema, kama mtu anayemtetea aliyemshitaki, "Labda miaka hiyo dawa ilikuwa dhaifu."

"Hapana, Bruda," nikasema. Hilo nililijua mimi, si Sista. "Dawa dhaifu ingewadhoofisha na majirani. Mizani yenye hila haichagui gunia la mtu mmoja. Nimewapima wale wawili kila kioo, hawajasogea hata nywele. Ni chetu peke yake kinachopanda na kushuka. Mkono wako ulikuwa safi tangu siku ya kwanza."

Aliinua mkono wake wa kulia, akaupeleka karibu na uso, ingawa alikuwa haoni zaidi ya kivuli chake.

"Someni tena," akasema.

Tukasoma tena.

Jioni ile Sista aliketi kuandika jibu la barua ya ng'ambo. Alichora orodha ya miaka thelathini na moja, na ukubwa wa kitone kila mwaka kama ulivyo daftarini. Kwenye miaka kumi na moja akaandika kwamba vioo vipo na vimepimwa tena. Kwenye ishirini akasita.

"Hapa nitaandika vimepotea."

"Havikupotea," nikasema. "Najua kila kimoja kilikokwenda."

"Wataelewa tu, kaka."

"Wakisoma vimepotea watasema Bruda hakutunza. Utakuwa ule mkono mchafu tena. Andika: kumi na saba viliondolewa picha kwa magadi na mnunuzi ili vitiwe kwenye fremu. Kimoja kilivunjika kwenye lori la mnunuzi. Kimoja kilivunjwa na upepo. Kimoja kilikwanguliwa kwa wembe kwa sababu mnunuzi alikigeuza chini juu."

"Watakucheka huko."

"Wacheke."

"Mnunuzi na mkewe," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Magadi yalikuwa yangu."

Sista akaandika. Bruda, ambaye tulidhani amesinzia kwenye kiti chake, akageuza uso upande wetu.

"Punguza kidogo, mwanangu," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Sema viliondolewa kumi na tano."

"Haipungui, Bruda," nikasema. Nikahesabu tena kwa kidole juu ya karatasi ya Sista, mstari kwa mstari. Vilikuwa kumi na saba.